Tanki la samaki la mtumba: kuziba upya kona za ndani

Tanki la mtumba likianza kuvuja, wengi hapa Kigoma hukimbilia jambo moja: wanamwaga maji, wanapangusa kwa kitambaa, wanapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Wiki ya kwanza wanafurahi. Ya pili wanatafuta ndoo ya kuweka chini ya meza. Silikoni mbichi haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Inachokishika ni kioo kitupu, kikavu, kisicho na mafuta wala vumbi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kukwangua na kusafisha; kupaka kwenyewe kunakwisha kabla chai haijapoa.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya samaki wa mapambo kando ya ziwa, pale samaki wanaotolewa kwenye miamba hupumzishwa kabla ya kufungwa kwenye maboksi na kupelekwa nje ya nchi. Matanki yalipangwa ghorofa kwa ghorofa, na lililoanza kutona niliitwa mimi. Siku hizi nafanyia nyumbani, Katubuka. Yanayoletwa ni matanki ya biashara zilizofungwa, ya lodji zilizochoka kuhudumia samaki, na ya vijana wanaotaka kuanza kufuga bila kununua kioo kipya.

Jua kwanza unaziba nini

Tanki la kioo lina silikoni mbili, hata kama zote zimetoka tyubu moja. Ya kwanza imebanwa katikati, pale ukingo wa kioo kimoja unapokutana na uso wa kingine. Ni nyembamba sana, na hiyo ndiyo inayoshikilia vioo visiachane. Ya pili ni ukanda wa ndani, ule unaoupapasa ukipitisha kidole konani. Kazi yake ni kuikinga ile ya katikati isilowe maji moja kwa moja wala kufikiwa na wembe wa mtu anayekwangua mwani. Maelezo haya ni ya ukanda wa ndani. Ile ya katikati haiguswi, na ikiwa yenyewe ndiyo imekufa, ukanda mpya hautakuokoa.

Kuitambua ni rahisi. Weka tochi ya simu ndani ya tanki ielekee kwenye kiungio, kisha wewe kaa nje utazame kwenye unene wa kioo. Silikoni nzima ina rangi moja mwanzo hadi mwisho. Vijipovu vidogo vya duara vilivyokaa peke yake ni vya siku tanki lilipoundwa, viache. Tafuta mabaka yanayong'aa, yasiyo na umbo, yanayoanzia upande wa ndani na kupenya kuelekea nje. Hapo silikoni imeachia kioo. Mabaka yakiwa sehemu moja au mbili na hayajafika theluthi ya unene wa kioo, mimi naziba. Yakiwa yametapakaa, namwambia mwenye tanki ukweli: hili ni la kubomolewa na kuundwa upya, au ligeuze liwe la kufugia kobe kwenye mchanga mkavu.

Pitisha pia ukucha kwenye kingo zote za kioo. Kumeguka kidogo kwenye ukingo wa juu si neno. Ufa wowote, hata mfupi kama punje ya mchele, unaoanzia kwenye kona ya chini, ni mwisho wa mazungumzo.

Watu husahau kwamba kinachosukuma kiungio ni kina cha maji. Tanki lenye kina cha sentimita 60 linaisukuma kona yake ya chini mara moja na nusu ya lile la sentimita 40, hata kama yote mawili yanabeba lita sawa. Na lita ni kilo: tanki la sentimita 90 kwa 40 kwa 40 likijaa lina lita 144, yaani kilo 144 za maji juu ya meza ya sebule, achilia mbali mawe na kioo chenyewe. Ndiyo maana tanki fupi lenye dosari ndogo nalivumilia, ila refu la kwenda juu lenye dosari hiyohiyo nalirudisha.

Kijana mmoja kutoka Ujiji aliniletea lake kwa bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Shida nini?"

"Linavuja kona ya mbele, kulia. Naomba unizibie hiyo kona tu, nyingine nzima."

"Umejuaje kwamba ni hiyo?"

"Maji si yanatokea hapo?"

Maji yanatokea pale sakafu ilipoinama. Yanaweza kuingia kiungioni kona ya nyuma kushoto, yakatambaa chini ya ukanda ulioachia, yakaenda kutokea mbele kulia. Na hata kama kona ni hiyo kweli, ukiziba moja utalazimika kuuunganisha ukanda mpya na wa zamani mahali fulani, na pale vinapokutana ndipo maji yatakapopita baadaye. Ninaondoa ukanda wote wa ndani, viungio vinne vya chini na vinne vya kusimama, na kuuweka upya wote kwa mkupuo mmoja. Sizibi kona moja. Alinung'unika kidogo, tukaendelea.

Chokaa ya ziwa

Maji ya Tanganyika yana pH (kile kipimo cha uchachu) karibu 9 na yamejaa madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo raha ya samaki wake na ndiyo adha ya kioo. Tanki lililokaa na maji hayo miaka kadhaa lina mstari mweupe mgumu pale usawa wa maji ulipokuwa, na mara nyingi chokaa hiyohiyo imejificha chini ya kingo za silikoni zilizoachia. Usipoiondoa, silikoni yako itashika chokaa, na chokaa itabanduka na silikoni yako.

Dawa yake ni siki nyeupe ya dukani. Lowesha vitambaa, vilaze juu ya mstari, viache nusu saa. Utaona vipovu vidogo. Ni chokaa inayeyuka. Panapobaki pagumu rudia, kisha kwangua, wembe ukiwa umelala juu ya kioo. Msimu wa ndimu mimi hutumia ndimu, nusu kipande nasugulia moja kwa moja. Suuza kwa maji mengi.

Kama hujui samaki wa mwisho waliishije humo, yaani kama walikufa kwa ugonjwa, safisha tanki kwa jiki iliyochanganywa na maji. Fanya hivyo siku tofauti na siku ya siki, na suuza kabisa katikati. Jiki ikikutana na siki inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Chumba kidogo kilichofungwa na vitu viwili hivyo ni hatari kweli.

Kuondoa ukanda wa zamani

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Tumia wembe mpya wenye makali upande mmoja, ule wa mafundi rangi, na uwe nazo za kutosha kwa sababu zinachakaa haraka na wembe butu ndio unaochuna kioo. Tanki liwe kavu. Lilaze juu ya blanketi ili kiungio unachofanyia kazi kiwe mbele yako.

Kabla hujagusa wembe, tazama vioo vimekutanaje. Kuna kioo ambacho ukingo wake umegota kwenye uso wa mwenzake. Matanki mengi yanayoundwa hapa kwetu, vioo vya pembeni vimesimama juu ya kioo cha chini. Maana yake ile silikoni ya katikati imelala juu ya uso wa sakafu, chini ya ukingo wa kioo kilichosimama. Ukiulaza wembe juu ya sakafu na kuusukuma kwa nguvu kuelekea ukutani, utapita moja kwa moja chini ya kioo na kuikata silikoni inayobeba tanki. Kwenye sakafu, basi, wembe unakwenda kwa kupapasa na kusimama kabla haujafika mwisho wa kona. Kwenye kioo kilichosimama hakuna hofu: ushushe umelala mpaka ugote sakafu, kioo kwa kioo. Na kama tanki lako limeundwa kinyume, sakafu imekaa ndani na kuta zimeizunguka, hofu inahama. Sasa ni kwenye kuta unakotakiwa kwenda pole. Kona za kusimama nazo ni hivyohivyo. Tazama kwanza, kwa kila kiungio.

Ukishakata pande zote mbili, ukanda unakuwa umebaki umeshikwa na uzi mwembamba konani. Nyanyua ncha yake kwa kona ya wembe, ishike kwa vidole, vuta polepole ukielekeza nyuma. Ukanda uliozeeka hutoka mrefu, wakati mwingine kiungio kizima kwa mvuto mmoja, na ni raha ambayo sijaizoea hadi leo. Wa tanki ambalo bado ni jipya hukatikakatika, vumilia. Ukiona unapovuta kuna kitu kinatoka kati ya vioo, acha hapohapo, kata, usivute tena.

Kinachobaki ndicho kinachowaangusha wengi: utando mwembamba usioonekana. Kioo kinaonekana cheupe, kumbe kina ngozi ya silikoni. Kwangua tena eneo lote, upana wa vidole viwili kila upande wa kona, wembe ukiwa umelala karibu kabisa. Vumbi laini la kunata likiendelea kujikusanya kwenye makali, bado. Kisha chovya kidole kwenye maji safi, paka mstari wa maji kwenye kioo ulichokwangua. Kwenye kioo safi maji yanatandaa na kubaki yametandaa. Penye silikoni yanajikunja, yanakimbiana kuwa matone. Weka alama kwa kalamu upande wa nje wa kioo pale yalipojikunja, kausha, rudi na wembe. Jaribio hili halina gharama, na sijaona lingine linaloshinda hilo.

Baada ya hapo ni kupangusa kwa asetoni au spiriti isiyo na rangi. Tumia kitambaa cha pamba cheupe, futa mara moja kwa kila upande wa kitambaa, geuza, futa tena. Ukirudisha upande uleule unarudisha uchafu. Asetoni ya saluni yenye manukato na mafuta ya kutunza kucha usiitie humo. Petroli na mafuta ya taa pia hapana, yanaacha mafuta. Fungua madirisha, na jiko la mkaa liwe mbali, maana asetoni inadaka moto upesi. Baada ya kupangusa, kidole kitupu kisiguse tena kioo hicho. Jasho la mkono tu linatosha kuharibu.

Silikoni gani

Pale Mwanga kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mazungumzo huwa haya.

"Karibu mama. Silikoni? Chukua hii, hata bafuni haishiki ukungu."

"Ndiyo maana siitaki, mwanangu. Nipe ya vioo, isiyo na dawa."

"Zote si silikoni tu?"

Si zote. Ya bafuni na jikoni huwekewa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo ikichujuka kwenye maji inadhuru samaki. Soma kasha lote, hata maandishi madogo ya nyuma. Unataka iliyoandikwa ni silikoni asilimia 100, na kama imeandikwa wazi kwamba ni ya matanki ya samaki, hiyo ndiyo bora kuliko zote. Ile ya mafundi aluminiamu ya kuwekea vioo vya madirisha, inayonuka siki wakati inakauka, ndiyo inayopatikana zaidi huku kwetu. Lakini usidanganyike na harufu peke yake, kwa sababu zipo za bafuni zinazonuka siki na zina dawa pia. Neno lolote la kuzuia ukungu au kuvu kwenye kasha, irudishe rafuni. Na ile gundi nyeupe ya kuziba nyufa inayosafishika kwa maji na kupakwa rangi juu yake siyo silikoni kabisa, hata kama muuzaji anaiita hivyo.

Tazama tarehe ya mwisho. Bidhaa zinasafiri mbali hadi kufika huku na hukaa kwenye joto la duka la bati. Silikoni iliyopitwa na wakati inabaki ya kunatanata isikauke. Mimi hukamulia kidogo kwenye kipande cha kioo siku moja kabla: kesho yake iwe mpira, ing'ang'anie kioo, na ukiivuta ikatike badala ya kubanduka nzima.

Kiasi ni rahisi kukadiria. Tanki la 90 kwa 40 kwa 40 lina mita 2.6 za kiungio chini na mita 1.6 za kusimama, jumla mita 4.2. Ukanda wenye upana wa milimita 7 kila upande unakula kama mililita 100. Tyubu moja ya mililita 280 au 300 inatosha na chenji inabaki. Nyeusi au angavu ni hiari yako. Nyeusi inaficha mwani, angavu inakuonyesha viputo ulivyoacha wakati wa kupaka. Kwa anayeanza nashauri angavu.

Kupaka

Bandika tepu ya karatasi milimita 7 kutoka konani, kila upande, kwenye viungio vyote vinane. Bonyeza ukingo wake kwa ukucha wenye glavu ili silikoni isipenye chini. Tepu si urembo. Bila tepu, ukanda unaishia kwa utando mwembamba pembeni, utando huo ndio unaoanza kubanduka, mwani unaingia chini yake, na mtu mwenye wembe atakuja kuumalizia.

Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 5 hivi. Andaa kila kitu kabla ya kubonyeza bunduki ya kukamulia silikoni: glavu nyembamba za mpira, karatasi za kufutia, mfuko wa kutupia tepu, na mtu wa pili. Silikoni ya aina hii huanza kufunga ngozi juu ndani ya dakika 10 hadi 20, na siku za mvua, hewa ikiwa nzito, inawahi zaidi. Nikiwa peke yangu tanki la mita moja linanishinda mbio. Mtoto wa kaka yangu ndiye anayekamua, mimi nafuata kwa kidole.

Tunaanza na kona nne za kusimama, chini kwenda juu, kisha tunazunguka sakafu bila kusimama. Mdomo wa tyubu uelekee kule unakokwenda ili usukume silikoni mbele yake iingie konani, badala ya kuiburuta nyuma. Mwendo uwe sawa. Palipokosa, rudia mara moja wakati bado mbichi. Zingatia zaidi zile pembe nne za chini ambapo viungio vitatu vinakutana. Hapo ongeza kidogo ya ziada, kwa sababu hewa hupenda kujibana humo.

Kulainisha ni pitio moja. Kidole chenye glavu, mkandamizo wa wastani, kutoka mwisho hadi mwisho. Usilambe kidole, usichovye kwenye maji ya sabuni kama mafundi wa mabafu. Sabuni ikiingia kati ya silikoni na kioo umejirudisha kwenye uchafu. Silikoni inayojaa kidoleni ifute kwenye karatasi, endelea. Ukianza kurudiarudia kutafuta uzuri, unaichana.

"Shangazi, hapa imeanza kunata."

"Basi iache. Toa tepu, anza na ya kwanza."

Tepu inatoka silikoni ikiwa bado mbichi, kwa kuivuta taratibu ikielekea mbali na kona. Ukichelewa mpaka ngozi ikafunga, tepu inaondoka na ukingo wa ukanda. Kasoro ndogo ya macho utakayoiona baada ya hapo, iache ilivyo.

Kukauka

Silikoni hii hukaushwa na unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita 2 au 3 kwa siku katika hali nzuri. Saa 24 zilizoandikwa kwenye kasha ni za ukanda mwembamba kwenye hewa ya wastani. Pembe za chini ni nene. Mimi natoa wiki nzima na sibishani na mteja juu ya hilo. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua zinaporudi Oktoba, hewa ni kavu na kazi inakwenda polepole. Tabora ndiyo zaidi, hawana hata ziwa la kuwalainishia hewa. Ndugu zangu wa kule nawaambia waweke beseni la maji chumbani na mlango unaoingiza vumbi ufungwe, ila dirisha moja liwe wazi kwa sababu ya ile harufu inayochoma macho. Vumbi jekundu la Agosti ni adui mkubwa siku ya kupaka. Piga deki chumba asubuhi, usifagie.

Harufu ya siki ikiwa bado ipo ukiinamisha kichwa ndani ya tanki, haijakauka. Pua inajua kuliko kalenda.

Meza, kisha maji

Nusu ya matanki yanayorudi kuvuja hayana kosa la silikoni. Ni meza. Meza iliyopinda inalisokota tanki, upande mmoja unabeba uzito wote, na kiungio kinachanika kidogokidogo. Weka pima maji kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Chini ya tanki lisilo na fremu ya plastiki weka tandiko laini. Mimi hukata vile vifuniko vyeupe vyepesi vya maboksi ya kusafirishia samaki, sentimita moja hadi mbili unene, liwe kipande kimoja kinachofunika sakafu yote. Tanki lenye fremu ya plastiki chini yake halihitaji, linakaa kwenye fremu yake.

Jaribio fanyia nje, mahali penye sakafu ngumu na pasipo na kitu cha kuharibika. Suuza tanki, likaushe nje kabisa, zungushia gazeti chini ya kingo. Jaza theluthi, liache lilale. Asubuhi gazeti likiwa kavu, jaza nusu, lilale tena. Halafu ujaze hadi usawa utakaotumia na uliache siku tatu. Gazeti linaonyesha tone dogo ambalo jicho halioni. Tahadhari moja: maji baridi kutoka bombani kwenye hewa ya joto hufanya kioo kitoe jasho nje, likatiririka na kulowesha gazeti. Watu wamevunja tanki zima kwa jasho hilo. Ukiona unyevu, kausha, subiri maji yafikie joto la hewa, weka gazeti jipya. Jasho halirudi. Uvujaji unarudi palepale.

Wakati limejaa, weka rula iliyonyooka kwenye kioo cha mbele, katikati. Kioo kupinda kidogo nje ni kawaida. Likiwa tumbo unaloliona kwa macho ukiwa umesimama mlangoni, kioo ni chembamba au zile pau za juu zinazoshikilia vioo visitanuke zimeachia. Punguza maji leo hii.

Mwaga maji ya jaribio, suuza, jaza upya, acha siku moja, mwaga tena. Baada ya hapo linafaa kwa samaki. Mawe yaingie kabla ya mchanga, yakae juu ya sakafu kwenye tandiko jembamba la plastiki, kwa maana hawa samaki wetu wadogo wa kwenye nyumba za konokono huchimba kutwa, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mawe na kona, na mwani wa konani usiukwangue kwa wembe; sponji inatosha.

Silikoni iliyobaki kwenye tyubu ichomekee msumari mnene mdomoni na uihifadhi pasipo na jua. Itafaa kwa dirisha la choo mwezi ujao. Kwa tanki lingine, nunua mpya.